Zamu ya Mbele

Baiskeli nimeendesha tangu utotoni, Ngamiani, kama watoto wengi wa Tanga. Lakini kuendesha ndani ya timu nilianza kujifunza nikiwa nimeshavuka miaka hamsini na mitano, chini ya kijana aliyejifunza mbio za baiskeli za uwanjani nje ya nchi. Sisi tulimwita Kocha tu.

Jioni moja alichora duara refu kwa chaki kwenye sakafu ya kibanda cha fundi, akatuelekeza. Timu ina watu wanne, kilomita 4, kwenye uwanja wa mbao wa mita 250 ambao kona zake zimeinuka hadi nyuzi 42 hivi. Baiskeli haina breki, na pedeli haipumziki maadamu gurudumu linazunguka. Aliye mbele anakata upepo kwa muda, kisha anapanda juu ya kona. Wenzake wanapita chini yake, naye anateremka kushika mkia. Saa inasimama gurudumu la mwendeshaji wa tatu likivuka mstari, kwa hiyo mtu mmoja kuwakimbia wenzake hakuisaidii timu. Waitalia waliochukua dhahabu ya Olimpiki mjini Tokyo mwaka 2021 walitumia dakika 3 na sekunde 42, yaani wastani wa kilomita 65 kwa saa, magurudumu yakikaribia kugusana.

Tanga hatuna uwanja huo. Fundi alitufungia magurudumu ya nyuma yasiende bure. Breki ya mbele tukaiacha, maana barabara ina watu.

Asubuhi ninayoikumbuka ilikuwa Jumapili, barabara ya kwenda Raskazone, kabla magari hayajaamka. Upepo wa kusi ulikuwa umeshaanza.

“Shikamoo mzee. Leo unakaa wa nne.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Zamu yako ikifika, usiongeze mwendo. Aliyekuachia amechoka. Ukiongeza kidogo tu, hawezi kutufikia tena.”

Tukaondoka. Mbele yangu palikuwa na siti iliyochanika, imefungwa kwa kipande cha tyubu, na kwa muda sikuona kingine. Nikakumbuka tulivyoelekezwa: usikodolee macho tairi la mwenzako, tazama mabega yake na barabara iliyo mbele yake. Nilipoinua macho, mwili ukalegea. Nikaanza kusikia cheni zetu zote nne zikilia kwa pamoja.

Wa kwanza akachomoka kulia, kisha wa pili, kisha wa tatu, na upepo wote ukanipiga kifuani. Hapo ndipo pagumu kuliko pote. Miguu inataka kukanyaga kwa nguvu, kwa kuwa mbele pako wazi na vijana wako nyuma yako. Nikahesabu mizunguko ya pedeli kimoyomoyo, kwa mapigo yaleyale niliyoyashika nikiwa nyuma, nikayang’ang’ania. Mapaja yaliwaka moto lakini mwendo haukubadilika.

Nikachomoka. Kwenye kona iliyoinuka, mteremko ndio unaokurudishia kasi. Kwenye barabara tambarare ni lazima uitoe miguuni. Ukisubiri mkia upite ndipo ukanyage, umeshachelewa. Bega la wa mwisho lilipolingana na langu nikakanyaga, nikaingia nyuma yake, upepo ukakatika ghafla. Furaha niliyoipata pale sijawahi kuipata nikiendesha peke yangu, hata ujanani.

Tulipanga zamu hivyo hadi jua likapanda juu ya bahari. Tuliposimama, Kocha alisema wiki inayofuata ningekaa wa pili. Wa kwanza kazi yake ni kuitoa timu kwenye kusimama na kuifikisha kwenye kasi. Wa pili anaipokea kasi hiyo na kuituliza, na wote wanafuata mapigo yake.

“Utaweza, mzee?”

Nilikubali papo hapo.