Mkojo wa panya karibu uniulie mbwa

Mbwa wetu Simba alianza kwa kukataa chakula, nikadhani ni joto tu, siku ya pili anatapika na macho yamekuwa njano kabisa, hapo ndo nikashtuka nikambeba mbio kwa daktari wa mifugo. Akaniuliza swali moja, kwenu kuna panya? Huku Kariobangi, Nairobi, nani hana panya jamani, na mvua ikinyesha mtaro unafurika hadi mlangoni.

Ugonjwa unaitwa leptospirosisi. Bakteria wake wanakaa kwenye figo za panya na panya mwenyewe haumwi, anatembea tu akikojoa kila mahali, na kwenye maji yaliyotuama au udongo wenye unyevu hao bakteria wanaweza kuishi wiki kadhaa. Mbwa akinywa yale maji imeingia, na mtu pia, kidonda kidogo mguuni kinatosha. Tanzania wanauita homa ya mgunda, 2022 kule Lindi uliua watu 3.

Kinachoniuma ni kwamba kwa mtu unaanza kama malaria, homa, kichwa, misuli ya miguu inauma vibaya, so watu wanameza dawa za malaria na figo zinaendelea kuharibika, na tiba ni antibayotiki ukiwahi!

Simba amepona, namshukuru Mungu. Chanjo ya mbwa ya ugonjwa huu ni ya kila mwaka, mimi nilikuwa nampa ya kichaa cha mbwa peke yake. Watoto nimewanunulia gamubuti, na kumwosha mbwa sasa navaa glavu.