Mbwa wangu ana kazi, shangazi

Jana shangazi yangu wa Makunduchi kanitumia ujumbe wa sauti. Kaiona picha ya Kusi, mbwa wangu jike, spanieli (aina ya mbwa wa kuwinda) wa miezi minane, akaniambia: "Mwanangu, tuliuza minazi upate nauli, kumbe umekwenda Uingereza kulea mbwa? Nyumba yenye mbwa malaika hawaingii." Nyuma yake nikasikia watu wanacheka. Shangazi namheshimu, na wasiwasi wake naujua unatoka wapi. Kilichoniuma ni kile kicheko, kwa sababu waliocheka wamekula mihogo iliyolindwa na mbwa.

Wa kusini Unguja mnanielewa. Nguruwe mwitu akiingia shambani usiku mmoja, asubuhi unakuta matuta yote yamefumuliwa. Hapo huitwa nani? Wasasi, wawindaji wenye mbwa. Ami yangu alikuwa msasi. Mbwa wake walilala nje nyuma ya nyumba, lakini siku ya kusasi walitangulia wao maweni, na ami akipiga mluzi wanarudi hata kama nguruwe wanamwona. Hakuna aliyemwambia kaacha dini. Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, watu walisema, na walisema kwa kumsifu.

Na dini yenyewe imeshasema. Suratul Maida, aya ya 4, inahalalisha kilichokamatwa na wanyama waliofunzwa kuwinda. Hadithi ya mwenye kufuga mbwa kupungukiwa thawabu kila siku, iliyomo kwa Bukhari na Muslim, imemtoa mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Kusi ana banda lake uani, ndani haingii, vyombo vyake mbali. Nguo za kwendea naye porini hazivuki mlango wa nyumba. Mate yake yakinigusa najua la kufanya, naosha mara saba, moja yao kwa udongo, kama tulivyosomeshwa chuo cha Kurani.

Naishi kijijini North Yorkshire. Wiki nzima niko nyumba ya wazee, zamu za urefu wa saa 12, nawaosha, nawalisha, nawageuza. Miaka ya mwanzo nilikuwa naingia na kutoka kijijini hapa bila mtu kujua jina langu. Kilichonifungulia mlango ni ndege. Hapa kuna fezanti, jamii ya kuku mwenye mkia mrefu, na msimu wake ni kuanzia 1 Oktoba mpaka 1 Februari. Jumamosi watu tunajipanga mstari, tunapiga vichaka kwa fimbo, mbwa wanaingia kwenye miiba kuwarusha ndege, na wenye bunduki wanangoja mbele. Jumapili sheria hairuhusu kuwapiga. Tunalipwa pesa kidogo na chakula cha mchana. Ndege siwachukui, maana sikuwapiga mimi. Ila baada ya msimu mmoja wa kutembea na watu hao matopeni, nikipita dukani naitwa kwa jina.

Mzee anayewatunza ndege wa shamba lile tunalowindia ndiye aliyenipa Kusi, kwa bei ambayo hakuna mgeni anayepewa. Aliniambia ananiuzia kwa sababu niliwatazama mbwa wakifanya kazi badala ya kuwatazama wenye bunduki. Sijapata kuambiwa neno zuri kama hilo katika nchi hii.

Sasa nieleze kazi yenyewe, kwa sababu waliocheka wanadhani kulea mbwa ni kumkumbatia kwenye kochi.

Mbwa wa kuwinda anafanya kazi bila kamba. Hapo ndipo ugumu ulipo. Ukimfunga hawezi kutafuta, ukimwacha bila mafunzo anakimbilia huko, anarusha ndege mita 100 kutoka kwako, na kwa mwenye bunduki ndege huyo hana maana. Spanieli anatakiwa apekue kulia na kushoto, mbele yako, kama mita 20 tu, huku akiukabili upepo ili harufu imfikie. Kumweka kwenye umbali huo bila kamba ni kazi ya miezi, na unaanza na bakuli la chakula.

Kusi alikuja wa wiki nane. Kila mlo nilipiga filimbi vipigo vifupi vifupi huku naweka bakuli chini: njoo. Baada ya siku chache akisikia filimbi anakuja mbio masikio yakipepea. Kisha tukaongeza kusimama. Nainua mkono, napiga mlio mmoja mrefu, namsubiri mpaka makalio yaguse chini, ndipo bakuli linateremka. Simpigi, simpigii kelele. Neno nalisema mara moja tu, maana mbwa anayeitwa mara tano anajifunza kwamba zile nne za kwanza hazimhusu. Na simwiti kama najua siwezi kuhakikisha anakuja; kwa hiyo uwanjani alivaa kamba ndefu ya mita 10 inayoburuta nyuma yake, mguu wangu uko tayari kuikanyaga. Akienda mbali simkimbizi. Nageuka nakimbia upande mwingine, na yeye ndiye anayenifuata.

Alipofika miezi saba alisahau kila kitu. Hilo ni la umri, kama vijana wetu, unarudi nyuma kwenye kamba na bakuli bila hasira. Nikitoka zamu ya usiku, mvua ya hapa inaingia mpaka mifupani, bado tunakwenda. Dakika kumi asubuhi, kumi jioni, kila siku.

Mnaotaka kuja huku, na mmeanza kuniuliza bei ya mbwa, sikilizeni. Ukiwa umepanga, mwulize mwenye nyumba kabla hujanunua; wengi hawataki. Ukiwa unafanya zamu ndefu na huna mtu wa kukusaidia, usifuge. Mtoto wa mbwa lazima awekewe chipu mwilini, kifaa kidogo cha utambulisho, kabla ya kutimiza wiki nane, na mmiliki ambaye mbwa wake hana anaweza kutozwa mpaka paundi 500. Bima lipa. Kusi alipomeza kipande cha kitambaa, bili ya daktari wa mifugo ya siku moja ilinifanya nikae chini; mnaojua bei ya ng'ombe Unguja mngekaa nami. Na kubwa kuliko yote ni kondoo. Mbwa wako akiwashambulia, mfugaji anaweza kumpiga risasi na sheria ikamlinda. Kuanzia 1 Machi mpaka 31 Julai, kwenye nyika zilizofunguliwa kwa umma, mbwa anatakiwa kuwa kwenye kamba isiyozidi mita 2, kwa sababu ndege wanataga chini. Mgeni mwenye sura yetu anaangaliwa zaidi. Mbwa wako akiwa mtiifu, unawapunguzia la kusema.

Hata sungura mwitu mkubwa wa hapa, kumkimbiza kwa mbwa ni kosa tangu Februari 2005, sheria ya kuwinda kwa mbwa ilipoanza kazi. Kwetu mbwa alisifiwa kwa kufukuza. Hapa anasifiwa kwa kukaa. Mzee ana uzio wenye sungura ndani, akaturuhusu tuutumie, Kusi akajifunza kwamba kitu kikitimka mbele yake, yeye anakaa.

Juma lililopita tulikuwa kwenye majani marefu pembeni ya shamba, hana kamba, anapekua vizuri. Sungura akafyatuka karibu na pua yake, nadhani hata mkono usingepita katikati. Kusi akaruka hatua mbili. Nikapiga mlio mrefu. Akakaa. Misuli ya mapaja ilikuwa inatetemeka, mdomo umefunga, macho yanamfuata sungura mpaka kwenye ua wa mawe. Kisha akageuza kichwa akaniangalia mimi. Mzee alikuwa nyuma yangu, akasema, "Huyo utamleta Oktoba." Nilijisikia kama nimefaulu mtihani wa taifa.

Kilichobaki ni kumzoesha mlio wa bunduki, na hapo hakuna haraka. Mtu anapiga akiwa mbali sana, mimi namtupia Kusi mfuko wa turubai ili akili yake iwe kwenye kuufuata na kuuleta. Asiposhtuka, siku nyingine tunasogea kidogo. Akishtuka tunarudi nyuma, na Oktoba itasubiri.