Msichana wa Kigogo Asiye na Maneno Mengi

Dodoma, Jumamosi jioni

Leo asubuhi, nikirudi kutoka soko la Majengo, jirani yangu mmoja, mama aliyehamia huku pamoja na wizara yake, alinisimamisha na kuniomba nimsaidie kupata msichana wa kazi. "Mwalimu, nitafutie binti wa Kigogo," alisema. "Hao ni wapole, hawana maneno mengi, ukimpa chakula na mahali pa kulala ameridhika." Hakuyasema hayo kwa dharau. Aliyasema kama mtu anayewasifu watu wangu mbele yangu, akijua vizuri kwamba mimi ni Mgogo wa Bahi, na nadhani alitarajia nifurahi. Nilimjibu kwa heshima kwamba mabinti wa huku wanataka mshahara unaolipwa kwa tarehe inayojulikana, siku ya mapumziko na makubaliano ya maandishi, kama binti wa mkoa mwingine wowote, na kwamba kwa masharti hayo nitamwonyesha mama wa mtaani kwetu anayewafahamu wanaotafuta kazi. Alinyamaza kidogo, akasema, "Haya, mwalimu, nimekuelewa," tukaagana vizuri.

Nimekaa nalo jambo hili mchana kutwa. Matusi yana nafuu moja: anayetukanwa anajua kwamba ametukanwa, na walio karibu wanajua pia. Sifa ya namna hii ni nzito zaidi, kwa kuwa inampokonya mtu haki yake huku ikimpaka mafuta. Binti "asiye na maneno mengi" ni binti ambaye hatauliza mshahara wake uko wapi. Binti "aliyeridhika" ni binti anayeweza kulala jikoni. Anayesema hivyo huwa hajakutana na binti yeyote bado. Amekutana na kabila, kichwani mwake, na tayari amekwisha kupanga bei.

Sifa hii ya upole ina ndugu yake, ambaye sisi tuliozaliwa huku tunamfahamu tangu utotoni. Ukifika Dar es Salaam ukajitambulisha kuwa umetoka Dodoma, mara nyingi utasikia habari za ombaomba kabla hujaulizwa habari za safari. Ni kweli kwamba watu wa vijiji vyetu, hasa miaka ambayo mvua imekatika mapema, wameonekana wakiomba katika barabara za jiji lile, na ni kweli kwamba zaidi ya mara moja mamlaka zimewakusanya na kuwarudisha makwao. Sikatai ukweli huo. Ninachokataa ni hatua inayofuata, ile ambayo mtu anaichukua haraka bila kuiona: kutoka "nimewaona Wagogo wakiomba" hadi "Wagogo ndivyo walivyo."

Mimi ni mwalimu wa historia, na hapo ndipo panaponiuma zaidi, kwa sababu karne moja na nusu iliyopita Wagogo walisemwa kinyume kabisa cha hayo. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo. Kwa upande wa mashariki kulikuwa na nyika kavu ya Marenga Mkali, na kwa upande wa magharibi kulikuwa na pori la Mgunda Mkali, kwa hiyo msafara uliofika kwetu ulikuwa na kiu na njaa, na ulikuwa ukijiandaa kwa kiu na njaa nyingine. Watemi wa Ugogo walikuwa na visima na nafaka, wakatoza hongo, yaani ushuru wa kupita: vitambaa, shanga, waya. Richard Burton alipita mwaka 1857 na Henry Morton Stanley akapita mwaka 1871, na wote wawili walilalamika kwamba Wagogo ni watu wakali, wenye kiburi, wasioogopa mgeni na wasiopunguza wanachodai. Wageni wale waliandika kana kwamba ukali huo umo katika damu.

Basi nauliza: damu ile imekwenda wapi? Watu wale wale, katika nchi ile ile, wameitwa wakali wasiokubali kupunguza hata doti moja ya kitambaa, kisha wakaitwa wanyenyekevu wanaoridhika na chakula tu. Sifa mbili zinazopingana hivyo haziwezi zote kuwa tabia ya asili ya kabila moja. Kilichobadilika ni nani alikuwa ameshika maji, na nani alikuwa ameshika bunduki.

Reli ya Kati ilipofika Dodoma, karibu mwaka 1910, mizigo ikaacha kupita kwa miguu. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yakachukua ng'ombe, yakachukua mtama na uwele uliokuwa ghalani, na yakachukua vijana kuwa wapagazi. Mvua zilipokosekana juu ya hayo, ikaja njaa ambayo wazee wetu wanaiita Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920, iliyoua watu kwa maelfu na kuwatawanya waliobaki wakitafuta chakula. Nchi yetu hupata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, na zote huja katika msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Mfugaji aliyenyang'anywa ng'ombe katika nchi ya namna hiyo amenyang'anywa akiba yake, mahari ya wanawe na bima yake ya ukame kwa pamoja. Kinachofuata hapo ni ufukara, na ufukara wa Mgogo haukutofautiana na ufukara wa Mwingereza au Mhindi aliyenyang'anywa vyote.

Walikuwapo pia waliosema kwamba Wagogo ni wavivu, hawajui kilimo. Kwa hao huwa nawaelekeza Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha pale mradi wa karanga, ikiwa na lengo la kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Wakaleta matrekta na wataalamu. Mibuyu ikawashinda, udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji, mvua ikafanya kama ifanyavyo siku zote. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, ukiwa umemeza pauni milioni 36 hivi. Jamii iliyokuwa imeishi katika udongo huo kwa vizazi, ikipanda mtama na uwele kwa sababu vinastahimili ukame, na ikitegemea mifugo kwa miaka ambayo hata mtama umeshindwa, haikuulizwa kitu cha maana. Iliangaliwa ikaonekana haina viatu, na kwa hiyo ikadhaniwa haina maarifa.

Kuhusu kuangaliwa, kuna jambo lililompata baba yangu mdogo ambalo sijaacha kulifikiria. Alikuwa amekuja kunitembelea, akashuka katika kituo cha mabasi cha Nanenane akiwa na nusu gunia la mchele wa Bahi aliouvuna mwenyewe. Aliketi chini, pembeni ya mzigo wake, akinisubiri, shuka begani, fimbo kati ya magoti, kofia mapajani kwa sababu ya joto. Kijana mmoja aliyevaa suti alipita akadondosha sarafu ya shilingi 500 ndani ya kofia, wala hakusimama. Baba mdogo aliinuka kwa shida na kumwita arudi achukue fedha yake. Yule kijana akageuka, akapunga mkono, akasema, "Usijali, mzee, kula tu," akaenda zake. Nilipofika nilimkuta baba mdogo bado amesimama, ameishika ile sarafu katika kiganja kilichofunguliwa, kama mtu aliyepewa kitu cha mwingine akiwekee. "Mwanangu," aliniuliza baada ya kuniitikia salamu, "yule nimemuuzia nini?"

Kijana yule alikuwa na moyo wa huruma, sina shaka, na ndiyo maana namkumbuka. Alitoa fedha yake. Lakini hakusema hata "shikamoo," ambayo kwa umri ule alipaswa kuisema kwa mzee yeyote, tajiri au maskini. Wala hakuuliza, wala hakuliona gunia. Shuka, fimbo, ardhi na kofia vilikuwa vimeshamweleza habari nzima kabla hajaukaribia uso wa mtu.

Nikiyasema haya mbele ya wenzangu, mara nyingine naambiwa kwamba nachukulia utani kwa uzito. Utani naujua, na naupenda. Wagogo tuna utani na Wahehe, na katika misiba ya nyumbani kwetu nimewaona watani wakizuia jeneza lisitoke mpaka walipwe, wakimwigiza marehemu, wakiwachekesha wafiwa waliokuwa hawajala tangu jana yake. Lakini mtani ana wajibu. Yeye ndiye atakayechota maji, atakayechimba kaburi, na kesho akifiwa yeye, mimi nitakwenda kumtania na kumchimbia. Utani unakwenda na kurudi. Mtu asiyeweza kutaniwa na mimi, asiyekuja kwenye msiba wangu, na ambaye ndiye mwenye kazi, nyumba ya kupangisha au kalamu ya kusaini fomu yangu, akisema "nyie Wagogo bwana," huyo hayumo katika utani wetu, na heshima ya mila hiyo nzuri haimhusu.

Wala sisi hatujasalimika. Huku kwetu, ng'ombe wakipotea, jina la Wamang'ati hutajwa kabla nyayo hazijafuatwa. Wabarabaig, ambao ndio wengi wetu tunawaita hivyo, walipoteza maeneo makubwa ya malisho yao bora huko Hanang katika miaka ya 1970 na 1980, mashamba ya ngano ya serikali yalipoanzishwa. Waliofukuzwa katika malisho yao wakatembea mbali na mifugo yao, na kila walipofika wakaitwa wavamizi. Mgogo anayekumbuka Mtunya anapaswa kuwa wa mwisho kumtazama mtu mrefu aliyevaa shuka na kubeba mkuki akamwita mwizi.

Na kuna mfanyabiashara wa Kihindi hapa mjini, ambaye babu yake alifuata reli, aliyezaliwa katika mji huu na anayenisalimia "Mbukwenyi" bila kukosea, lakini bado wateja humwuliza atarudi lini kwao. Nchi hii imewahi kupangwa kwa rangi rasmi: shule za Wazungu, shule za Wahindi, shule za Waafrika. Hata katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 mpiga kura alilazimishwa kupiga kura tatu, moja kwa kila rangi. Oktoba 1961, uhuru ukiwa umebaki wiki chache tu, walikuwapo wabunge waliotaka uraia utolewe kwa kigezo cha rangi ya Kiafrika, na Nyerere aliwapinga vikali bungeni. Ibara ya 13 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inakataza watu kufanywa dhaifu au duni kwa sababu ya rangi, kabila, mahali walipotokea au hali yao ya maisha. Nawaeleza wanafunzi wangu kwamba hali ya maisha imo katika orodha hiyo, kwa sababu huwa wanadhani ubaguzi ni wa rangi peke yake.

Wengine wamelipa kwa uhai. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni, na hasa moshi wa samadi inayochomwa pale kuni zilipokwisha. Mwanamke aliyepikia familia miaka hamsini amesomwa usoni kama mshitakiwa. Sitaki kulizungumza zaidi usiku huu.

Jumatatu nina kidato cha pili. Katika darasa hilo kuna mvulana Msandawe kutoka Chemba, na lugha ya kwao ina sauti za kugongesha ulimi ambazo wenzake huziigiza wakati wa mapumziko ili kumcheka. Amekuwa mkimya tangu muhula uanze, na mwalimu mwenzangu mmoja ameandika kwenye ripoti yake kwamba ni "mzito." Hesabu zake ni nzuri kuliko za wengi, nimezipitia mwenyewe. Nimeomba ripoti hiyo iandikwe upya na mwenzangu amekubali, ingawa si kwa moyo mkunjufu. Katika kipindi changu nitaanza na michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na ambayo baadhi yake wataalamu huihusisha na mababu wa Wasandawe. Sitamsimamisha mvulana yule mbele ya darasa awe kielelezo. Hajaniomba, na kumfanya maonyesho kwa nia njema kungekuwa kumrudishia jambo lile lile kwa mlango mwingine. Nitafundisha mada yangu, kisha baada ya kipindi nitazungumza na wale wanaomwigiza, mmoja mmoja, na wazazi wao nimekwisha kuwapigia simu.