Nimechomeka kidole ardhini

Nimetoka bustanini sasa hivi, kucha bado zina udongo.

Hapa Goba maji ya bomba hayajatoka wiki ya pili. Mwaka jana wakati kama huu nilikuwa nalipia boza kwa ajili ya nyasi tu, na bado zikakauka. Iliniuma sana. Masika yalipoanza nikazing'oa zote, nikapanda mishubiri, mikonge pori na mkwaju mmoja. Chini nikatandaza makumbi ya nazi, muuza nazi alinipa bure.

Leo asubuhi nimeinua kumbi moja, nikachomeka kidole.

Unyevu!

Kwa jua hili la Februari!

Kibaridi kile kwenye ncha ya kidole… nilibaki nimechuchumaa palepale. Mara ndege chozi akatua kwenye ua la mshubiri, akaingiza ule mdomo wake uliopinda, akanywa taratibu.

Mishubiri sijaimwagilia mwezi mzima. Mkwaju bado mchanga, huo naupa maji niliyooshea mchele.

Jamani, nimebakiza kipande kando ya ukuta, kivuli karibu siku nzima. Nipande mmea gani wa kwetu, usiotaka maji mengi? Nyie kwenu mmepanda nini?