Njia ya baiskeli, Magomeni

Leo asubuhi nimeshuka kwenye baiskeli mara nne kati ya Manzese na Magomeni. Njia yetu ipo pembeni ya Barabara ya Morogoro tangu mabasi ya mwendokasi yaanze hapa Dar es Salaam 2016, lakini bodaboda wanapita humo humo na meza za biashara zimeikalia. Nikamwomba mama muuza maembe asogeze beseni.

"Mwanangu, nikisogea huko jua lote langu."

Kweli, kivuli ni kile kimoja tu. Huyu atafutiwe sehemu nzuri, namtetea. Ila jirani yangu mwenye duka anataka njia ifutwe kabisa, magari yapate pa kuegesha. Hapo hapana! Mimi nina mtoto kwenye keria, nikishuka barabarani nakutana na malori.