Ameshafika Rangi Tatu?

Mwaka 2003 tulikuwa tunakaa Mbagala, Dar es Salaam, upande wa kituo cha basi cha Rangi Tatu, na nyuma ya nyumba yetu palikuwa na banda la video. Kuta za mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, kiingilio shilingi 50. Sheria ya filamu ilikuwapo tangu 1976, lakini pale mlangoni tuliulizwa hela tu, si umri.

Mama alikuwa sokoni. Mimi nilikuwa na miaka kumi, nimeachiwa mdogo wangu wa miaka mitano, nikaingia naye. Ilikuwa picha ya Kinaijeria: mwanamke anageuka nyoka usiku na kuingia majumbani mwa watu. Mkalimani alikaa pembeni na kipaza sauti, na alikuwa fundi kwelikweli. Mwanamke alipotokea barabarani akapaza sauti: "Huyo! Ameshashuka Rangi Tatu, anakuja huku kwetu!" Wakubwa wakaangua kicheko. Mdogo wangu alikuwa anakula ubuyu. Nikauona mkono wake umesimama hewani, vidole vyekundu, kokwa imebaki shavuni hata kuitema hawezi.

Choo chetu kilikuwa nje, ng'ambo ya uwanja. Usiku ule hakwenda, akakojoa kitandani. Kesho yake tena. Mama akamchapa, godoro likaanikwa uani, na watoto wa jirani wakaja kumzomea kikojozi. Nikanyamaza, maana ningesema ningechapwa mimi. Siku nne nilimwacha mtoto abebe aibu niliyomletea mimi. Mtu akiniambia leo kwamba mtoto aachwe aangalie, atazoea, nalikumbuka godoro lile na namkatalia. Mimi nilijua ni maigizo. Yeye alikuwa ameambiwa, kwa Kiswahili, kwamba mtu yuko njiani.

Usiku wa tano akanishika kanga gizani.

"Dada, ameshafika Rangi Tatu?"

Nikaenda kumwamsha Mama, nikamweleza yote. Hakunipiga. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akawasha kibatari, akamfunga mdogo wangu mgongoni kwa khanga, kama mtoto mchanga, akatoka naye hadi chooni. Nilisimama mlangoni nikimsikia akimwambia polepole, "Tazama, mwanangu. Huu mpapai. Hii ndoo yetu. Huyu kuku."

Aliendelea kumsindikiza hivyo kila usiku mpaka alipoanza darasa la kwanza.