Analogi au programu? Leo filta imetoa jibu

Leo mchana: Minimoog Model D, sinthesaiza (kinanda cha kielektroniki) ya analogi, ile ya oskileta 3 (saketi zinazozalisha sauti), kando ya programu ya kompyuta inayoiiga. Noti ileile, ukubwa wa sauti umesawazishwa kwa mita ya sauti.

Dakika za mwanzo analogi ilihamahama tuni. Ni joto linalobadilisha tabia ya transista, kwa hiyo iwashe nusu saa kabla ya kuituni.

Noti ikitulia? Tofauti ni ndogo mno. Ukiongeza ngoma na besi, inapotea kabisa.

Kisha filta, sehemu inayokata baadhi ya masafa ya sauti.

Rezonansi (mkazo wa sauti pale filta inapokatia) juu, kirungu kikizungushwa polepole. Programu ikatoa vingazi, tik tik tik, kwa kuwa kirungu cha kawaida cha MIDI (lugha ya mawasiliano ya vyombo vya muziki na kompyuta) kina hatua 128 tu.

Analogi ikateleza. Sauti ikafunguka kama mdomo unaotamka "uuu-aaa". Hapo ndipo pesa inapokwenda!

Noti za juu kwenye programu zikikwaruza, washa ovasampulingi (kukokotoa sauti kwa sampuli nyingi zaidi) mara 4. Prosesa italemewa kidogo.

Unarekodi tu? Programu yatosha. Unacheza filta kwa mkono? Nunua analogi, ila tenga fedha za fundi: kapasita (vijenzi vinavyohifadhi chaji ya umeme) za zamani hukauka.

Nyie masikio yenu yanasemaje?